Mifuko 4294967295 ya saruji: shajara ya mradi wangu wa namba moja

Siku ya 1, Jumatatu

Asubuhi kanipigia bosi wa duka la vifaa vya ujenzi, yule niliyemtengenezea programu ya stoo, anacheka kile kicheko cha mtu aliyekasirika. "Kijana, njoo uone utajiri wangu." Nafika nakuta kwenye skrini saruji iliyobaki ni mifuko 4294967295. Stoo yenyewe ukiingiza bajaji mbili haifungi. Nikapiga hesabu palepale kwenye karatasi ya risiti, mfuko kilo 50, hiyo ni tani milioni 214 na ushee, bosi akasema basi auzie nchi nzima alale.

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Programu niliiandika kwa lugha ya C na idadi ya mali nikaiweka kwenye namba ya biti 32 (yaani tarakimu 32 za 0 na 1) isiyokubali hasi, nikajiona mjanja kwamba mali haiwezi kuwa chini ya sifuri. Sasa wauzaji wawili wakauza mfuko mmoja wa mwisho kila mtu kwenye mashine yake, wa kwanza akafikisha 0, wa pili akatoa 1 tena kwenye 0, na kompyuta ambayo haijui hasi ikazunguka nyuma kama mita ya pikipiki ikaenda kwenye namba kubwa kuliko zote inazozijua, yaani 2^32 − 1.

Kurekebisha dakika kumi. Lakini nimerudi nyumbani namba haitoki kichwani, kwa hiyo nafungua hii shajara. Mradi wenyewe ni kuichambua hiyo namba moja mpaka niishiwe, kwa mkono kwanza, kompyuta baadaye. Kalkuleta yangu ya shule inaonyesha tarakimu kumi, na namba ina tarakimu kumi, imeenea barabara.

Siku ya 2

Nimeanza na vigawe. Nilidhani itanisumbua, kumbe inamenyeka kama kitunguu. Kitu kikiwa kipeo cha pili ukitoa 1 kinagawanyika kuwa (kitu + 1) mara (kitu − 1), tulifundishwa sekondari tukasahau, na 2^32 ni kipeo cha pili cha 2^16. Kwa hiyo:

4294967295 = 65537 × 65535
65535 = 257 × 255
255 = 17 × 15
15 = 5 × 3

Basi. 3 × 5 × 17 × 257 × 65537. Hakuna kigawe kinachojirudia hata kimoja.

Nikataka uhakika kwamba 65537 ni namba tasa. Kipeuo chake cha pili ni 256 na kidogo sana, maana yake nijaribu kugawanya kwa namba tasa zote chini ya 256, ziko 54. Nimezijaribu zote. Kwa kalkuleta. Nimemaliza saa sita na nusu usiku, hakuna iliyoingia, ni tasa, nalala.

Siku ya 3

Jioni nimepita kwa jirani, mwalimu mstaafu wa hisabati. Shikamoo mwalimu, marahaba, karibu kiti, nikamwonyesha kurasa zangu za jana kwa kujivuna kidogo. Akazipitia kimya halafu akauliza, "Zote hizi 54?" Zote. Akacheka mpaka mama akachungulia mlangoni.

"Mwanangu, ulihitaji mbili tu. 97 na 193."

Nikaomba anieleze taratibu, nami naandika kama nilivyoelewa. Tuseme kuna namba tasa p inayoigawa 2^16 + 1. Anza na 1, zidisha kwa 2, zidisha tena kwa 2, kila mara unachukua baki ukigawanya kwa p. Baada ya hatua 16 utakuwa kwenye −1 (yaani baki ni p − 1), na baada ya 32 unarudi kwenye 1, na huwezi kurudi mapema zaidi ya hapo. Sasa Fermat, yule mwanasheria Mfaransa wa karne ya 17, alishatangaza kwamba baada ya hatua p − 1 lazima uwe uko kwenye 1. Kwa hiyo 32 lazima iingie kwenye p − 1 bila baki, yaani p ni ya muundo 32k + 1. Zilizo chini ya 256 ni 33, 65, 97, 129, 161, 193 na 225, na humo tasa ni 97 na 193 peke yake. Ukigawanya 65537 kwa 97 inabaki 62, kwa 193 inabaki 110. Kwisha habari.

Saa tatu nzima za jana, aisee.

Akanionyesha pia kitu nilichokuwa nakiangalia bila kukiona. 3, 5, 17, 257, 65537, kila moja ni 2^1, 2^2, 2^4, 2^8, 2^16 ukijumlisha 1. Hizi zinaitwa namba za Fermat, na hizo tano ndizo namba tasa za Fermat zote ambazo binadamu anazijua mpaka leo. Zote ziko ndani ya mifuko ya saruji ya bosi, kila moja mara moja.

Siku ya 5

Leo nimekaa nikaipitisha kwenye makundi yote ninayoyajua, kama mtu anayejaza fomu. Nyingi imefeli.

Namba kamilifu, ile ambayo vigawe vyake ukiacha yenyewe vinajumlika kuwa yenyewe? Hapana. Jumla ni 3009636033, haifiki, hivyo ni namba pungufu. Namba ya pembetatu, kama 1, 3, 6, 10? Ungezidisha kwa 8 na kuongeza 1 upate kipeo cha pili kamili, nimepata 34359738361, na kipeuo chake cha pili kinaangukia katikati ya 185363 na 185364, hapana. Tarakimu zake zinajumlika 57, je namba inagawanyika kwa 57? 57 ni 3 mara 19, na 19 haimo, hapana. Namba ya furaha, ile ya kuchukua kipeo cha pili cha kila tarakimu unajumlisha unarudia mpaka ufike 1? 393, 99, 162, 41, 17, 50, 25, 29, 85, 89, na ukishafika 89 umeingia kwenye duara la kuzunguka milele, hutoki. Kwa hiyo haina furaha. Bosi naye hakuwa nayo.

Ila ukiiandika kwa mizizi mingine, badala ya kuhesabu kwa kumi kumi, inapendeza. Kwa baineri, yaani mzizi wa 2, ni 1 thelathini na mbili mfululizo. Kwa mzizi wa 4 ni 3 kumi na sita. Kwa mzizi wa 16 ni FFFFFFFF (F ni 15). Kwa mzizi wa 256 ni 255.255.255.255, na mtu yeyote aliyewahi kuchezea setingi za mtandao anaijua hiyo, ndo anwani ya kupiga kelele kwa kila mashine iliyo kwenye mtandao wako. Kwetu sisi inaonekana 4294967295, haina mpangilio, kwa sababu tu tuna vidole kumi.

Halafu hii ndo iliyonishtua: hesabu ya namba chini yake ambazo hazishirikiani nayo kigawe chochote zaidi ya 1. Unachukua kila kigawe tasa unatoa 1 unazidisha: 2 × 4 × 16 × 256 × 65536. Zote ni vipeo vya 2! Jibu ni 2^31 kamili, 2147483648. Nusu ya namba yenyewe ukiiongezea 1. Nimeizungushia kwa kalamu nyekundu, sijui bado ina kazi gani.

Siku ya 6

Umeme hakuna tangu saa nane. Nimeandika vigawe vyote 32 kwa mkono kwa mwanga wa simu: 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257, 771, 1285, 3855, 4369, 13107, 21845, 65535, 65537... kuvinakili humu naishia hapo, chaji 4%.

Siku ya 8, Jumatatu

Swali la leo lilitoka kwa mwalimu: je, inaweza kuandikwa kama jumla ya vipeo viwili vya pili? Au vitatu?

Hapa sikutaka tena kujaribu 54, nikafikiri kwanza. Kipeo cha pili chochote ukikigawanya kwa 8 kinabakiza 0, 1 au 4, hakuna kingine. Namba yetu kwa baineri inaishia na 111, yaani ukigawanya kwa 8 inabaki 7. Sasa chukua tatu kati ya 0, 1 na 4 utengeneze 7. Huwezi. 4 na 1 na 1 ni 6, 4 na 4 na 1 ni 9 ambayo inabaki 1. Viwili ndo kabisa. Kwa hiyo vinahitajika vinne, na mwanahisabati Lagrange alithibitisha mwaka 1770 kwamba vinne vinatosha kwa namba yoyote ile.

Sawa, vinatosha, lakini vipi hivyo? Mwalimu akasema chukua kikubwa kinachoingia. 65535 mara 65535 ni 4294836225, inabaki 131070. Kikubwa kinachoingia hapo ni cha 362, ambacho ni 131044. Inabaki 26. Na 26 ni 25 na 1.

65535² + 362² + 5² + 1² = 4294967295

Mistari mitatu! Mwalimu mwenyewe alishangaa, alitegemea tungerudi nyuma mara mbili tatu. Nimeiandika kwa maka ukutani juu ya meza.

Siku ya 10

Kalamu nyekundu imepata kazi yake.

Mwalimu anayo bado ile rula na bikari ya mbao ya ubaoni, ya chaki. Akachora duara kwenye sakafu ya kibaraza, akanichorea pembetatu sawa, akafuta, akachora pembe tano sawa, halafu akauliza, pembe 15 utazipataje? Nikakaa kimya. Akasema chukua hatua mbili za pembe tano, ni digrii 144, toa hatua moja ya pembetatu, digrii 120. Zinabaki 24, na 24 ndiyo 360 gawanya kwa 15. Yaani ukishajua 3 na 5 unapata 15 bure. Ndivyo hivyohivyo kwa 51, hatua sita za pembe 17 ukitoa moja ya pembetatu.

Lakini pembe 17 yenyewe nani anajua kuichora? Kwa miaka zaidi ya elfu mbili tangu Wagiriki hakuna aliyejua. Mwaka 1796 Gauss, kijana ambaye hata miaka 19 hajafikisha, akaonyesha kwamba inawezekana kwa rula na bikari tupu, na mwaka 1801 akachapisha kanuni: pembe nyingi sawa inachoreka kama idadi ya pembe ni namba tasa za Fermat tofauti zilizozidishana, ukipenda zidisha na 2 mara unazotaka. Kwamba nyingine hazichoreki kabisa, Wantzel akalifunga hilo 1837. Na sababu ndiyo ile niliyoizungushia: rula na bikari kazi yake ni kutafuta vipeuo vya pili, kimoja juu ya kingine, kwa hiyo ile hesabu ya namba zisizoshirikiana lazima itoke kipeo cha 2. Yetu imetoka 2^31.

Sasa unganisha. Namba tasa za Fermat zinazojulikana ni tano, kuzichagua na kuzizidisha kunaleta namba 32 ukihesabu na 1, na hizo ni vigawe vya 4294967295, vilevile nilivyoviandika gizani. Ukiacha 1, zinabaki 31. Kwa hiyo pembe nyingi sawa zenye idadi witiri ya pembe, ambazo tunajua zinachoreka kwa rula na bikari, ziko 31 tu, na kubwa kuliko zote ina pembe 4294967295.

Nilinyamaza pale kibarazani muda kidogo.

Kuna Mjerumani anaitwa Hermes alitumia miaka kama kumi kuandika jinsi ya kuchora ya 65537, karatasi zake zimehifadhiwa Göttingen. Hiyo ni moja tu ya vigawe vyetu. Nikauliza hii kubwa ingekuwaje, tukaipiga: tuseme duara ni ikweta yenyewe, inayopita Nanyuki pale, kilomita 40075 kuzunguka dunia. Kila upande ungekuwa milimita 9.3, haufiki hata upana wa kidole. Na pengo kati ya upande ulionyooka na tao la duara ni dogo kuliko atomu moja. Mtu akikuambia ameichora, hutajua kama amechora duara tu.

Siku ya 11

Nyongeza fupi ya kompyuta kabla sijasahau. Namba hii ndiyo ukuta wa kila kitu cha biti 32. Anwani za mtandao za mfumo wa zamani, ule wa namba nne zenye nukta, ziko 4294967296 ukihesabu na sifuri, ndo maana zimekwisha, mafungu ya mwisho ya ghala kuu yaligawiwa Februari 2011. Saa ya kompyuta inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32 zisizo na hasi itajaa tarehe 7 Februari 2106, Jumapili, saa tatu na dakika 28 asubuhi kwa saa zetu. Zile zenye hasi zitajaa mapema, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, mimi nitakuwa napiga mswaki. Na ukihesabu milisekunde badala ya sekunde inajaa kwa siku 49 na saa 17, hicho ndicho kilichokuwa kinagandisha Windows 95 ukiiacha imewaka.

Siku ya 13

Sikulala vizuri na nina sababu.

Nilikuwa nachora pembetatu ya Pascal, ile unayoanza na 1 juu, kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake (mwalimu anasema Wairani wanaiita ya Khayyam, na Khayyam alimtangulia Pascal kwa miaka zaidi ya mia tano). Nikafanya uhuni tu, kila namba witiri nikaandika 1, kila shufwa nikaandika 0, halafu nikasoma kila mstari kama baineri.

1
11 ni 3
101 ni 5
1111 ni 15
10001 ni 17
110011 ni 51
1010101 ni 85
11111111 ni 255

Nikavuta ile karatasi ya siku ya 6, ya mwanga wa simu. 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255. Ni vilevile. Kwa mpangilio uleule! Nikaendelea, 257, 771, 1285, mpaka mstari wa 32, wote ni 1 tupu, 1 thelathini na mbili, na huo ni 4294967295. Mistari 32 ya kwanza ya pembetatu ni vigawe vyake vyote 32, kuanzia 1 mpaka yenyewe, hakuna kilichorukwa.

Saa kumi na moja alfajiri nimemgongea mwalimu. Hakukasirika. Akavaa miwani akaangalia, akasema hii aliwahi kuijua akaisahau, na kwamba mstari wowote unausoma kwa kuandika namba yake ya mpangilio kwa baineri, ukianza kuhesabu na sifuri: kila 1 iliyomo inakuambia namba ipi ya Fermat uitie kwenye kuzidisha. Mstari wa 5 ni 101, kwa hiyo ya kwanza na ya tatu, 3 × 17, 51. Tukanywa chai ya rangi.

Siku ya 14

Imebaki jirani yake. Mstari unaofuata kwenye pembetatu ni 1, halafu sifuri 31, halafu 1. Hiyo ni 2^32 + 1, 4294967297, namba ya Fermat ya sita. Mwaka 1640 Fermat aliamini zote za aina hii ni tasa. Na ukiipima kwa kipimo chake mwenyewe Fermat, cha kupandisha 2 kwa namba ukitoa 1 halafu kugawanya kwa namba yenyewe (ikiwa tasa lazima ibaki 1), inabaki 1 na inafaulu. (Yetu ya saruji haifaulu, inabaki 1073741824, angalau haidanganyi mtu.) Lakini 1732 Euler akaivunja. Kanuni ya mwalimu (hapa kurudi kwenye 1 kunachukua hatua 64) inamtaka ajaribu muundo 64k + 1 tu, tasa za mwanzo ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ikaingia. Nimeigawanya kwa kalkuleta, 6700417 kamili, bila nukta.

Mwalimu ana njia ya kuliona hilo bila kugawanya. 641 ni 5 × 128 + 1, kwa hiyo mbele ya 641, yaani ukiangalia baki tu za kugawanya kwa 641, 5 × 2^7 ni sawa na −1. Pandisha mara nne: 5^4 × 2^28 ni 1. Lakini 641 pia ni 625 + 16, yaani 5^4 ni sawa na −2^4. Ingiza: −2^32 ni sawa na 1, maana yake 2^32 + 1 haibakizi kitu. Nimeinakili mara tatu niishike.

Kwa hiyo mstari wa 33 ndo pembetatu inapoacha kutoa maumbo ya kuchoreka. Namba za Fermat zinazofuata hapo, mpaka ile ya 2^(2^32) + 1, zote zimeshathibitishwa kuwa si tasa.

Nilikuwa naandika sentensi hiyo ya juu bosi akapiga. Nikajua anataka kusema saruji imekaa sawa.

"Saruji sawa. Rangi nyeupe, ndoo zimebaki 65535."

3 × 5 × 17 × 257. Kolamu ya rangi niliiweka biti 16. Nikamwambia naja.